Mpira wa Maji wa Fundi

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa katika shule za sekondari za mkoa wa Kigoma, na kwa miaka yote hiyo nimewaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza kwamba dunia ni mviringo, nikawaandikia ubaoni hoja zile zinazojulikana, nikawatungia mtihani na kuusahihisha. Sikuwahi hata siku moja kuwatoa darasani waende kuiona hoja mojawapo kwa macho yao, ingawa Ziwa Tanganyika lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Jambo hilo sikuliona kuwa aibu mpaka jioni moja ya mwaka 2023, nilipokaa kwenye kijiwe cha kahawa maeneo ya Mwanga na kushindwa hoja, mbele ya watu wazima, na fundi mwashi aliyeishia darasa la saba.

Ubishi ulianzishwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa na video kwenye simu yake. Sauti ya mtu asiyeonekana ilikuwa ikieleza kwa Kiswahili kizuri, bila haraka, kwamba dunia ni tambarare kama sinia, kwamba Ncha ya Kaskazini iko katikati ya sinia hilo, na kwamba jua ni taa ndogo inayozunguka juu yetu kwenye kimo cha kilomita 4,800 hivi. Wapo waliocheka. Fundi hakucheka. Aliweka kikombe chake chini akaniambia, "Mwalimu, mimi najenga nyumba za watu kwa mpira wa maji, ule wa kupimia usawa. Nikishika ncha moja kwenye kona hii na kibarua akashika nyingine kwenye kona ile, maji yanasimama sawasawa, na sijawahi kuyaona yamepinda. Kama dunia ingekuwa imepinda, si ningejua mimi kabla yako?" Kisha akanyoosha mkono kuelekea magharibi. "Na milima ya Kongo naiona kila mvua ikishakatika. Kama maji yamevimba hapo katikati, naionaje?"

Nilijibu kama mwalimu anavyojibu, yaani kwa hesabu kubwa. Nilisema kwamba ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kwamba mtu akivuta mstari ulionyooka kweli kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, mstari huo utapita chini ya uso wa maji, na katikati ya safari utakuwa karibu kilomita tisa chini, mbali sana kupita sakafu ya ziwa, ambayo mahali penye kina kikubwa kabisa ni mita 1,470 hivi. Hesabu hiyo ni sahihi na ningeweza kuirudia leo. Lakini waliokuwa pale walisikia jambo moja tu, kwamba Mwalimu anadai kuna mlima wa maji wa kilomita tisa, mrefu kuliko Kilimanjaro, kati ya hapa na Mpulungu kule Zambia. Mzee mmoja, aliyekuwa akisafiri na Liemba enzi zake za biashara, alisema kwa upole kwamba meli ile ilipita njia hiyo miaka na miaka na hakumbuki siku iliyopanda mlima. Kijiwe kizima kiliangua kicheko, nami nikalipa kahawa yangu nikaondoka.

Usiku ule sikuumizwa na kicheko. Nilichokuwa nikikigeuzageuza kichwani ni kwamba kijana wa bodaboda alikuwa anaamini alichoambiwa na simu, mimi nilikuwa naamini nilichoambiwa na kitabu, na katika watu wote waliokuwa pale ni fundi peke yake aliyeleta hoja iliyotoka kwenye kazi ya mikono yake. Kitabu changu kilikuwa na ukweli na simu yake haikuwa nao, hilo silitilii shaka. Ila kwa upande wa kuona, fundi alikuwa ametuzidi sote wawili.

Hoja ya milima ya Kongo ndiyo niliyoishughulikia kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonifunga mdomo. Umbali wa kutoka Kigoma kuvuka moja kwa moja ni kilomita 50 hivi. Ukitaka kujua upeo wa macho uko wapi, chukua kimo cha jicho lako juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 3.57, na jibu utalipata kwa kilomita. Mtu aliyesimama ufukoni, jicho lake likiwa mita mbili juu ya maji, ana upeo wa kilomita tano tu. Zilizobaki, yaani kilomita 45, zinatosha kuficha kitu chochote cha ng'ambo kisichozidi mita 150 hivi, na hewa inayopinda mwanga hupunguza kimo hicho kidogo. Milima ile vilele vyake vinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo kinachobaki juu ya maji ni zaidi ya mita elfu moja. Duara linaficha miguu ya milima na kuuacha mwili. Fundi alikuwa na haki ya kuiona milima, nami nilikuwa na haki ya kumuuliza kama amewahi kuuona ufuko wa Kongo, nyumba zake na mitumbwi yake iliyoegeshwa. Sikumuuliza, kwa kuwa hesabu yenyewe niliifanya siku tatu baadaye nikiwa nyumbani.

Badala yake nilirudi kijiweni na hoja ya mashua, ile ya vitabuni, kwamba chombo kikienda mbali hutoweka kwanza chini kisha juu. Tuliwekeana dau la kreti moja ya soda na Jumamosi iliyofuata tukaenda Kibirizi, tukakaa kwenye kibaraza kilicho mita kumi hivi juu ya maji, kwa sababu kilikuwa na kivuli na chai. Boti la mbao lenye mashine liliondoka kuelekea vijiji vya kaskazini, likapinda kufuata maji ya wazi, likawa dogo, likawa nukta, likatoweka. "Limezama nyuma ya duara," nikasema. Kijana wa bodaboda akatoa darubini aliyoazima kwa jamaa yake, akaielekeza palepale, akanipa. Boti lilikuwa zima, kuanzia mkia hadi pua, na watu wameketi ndani yake.

Nilinunua kreti la soda, na nilistahili kulinunua. Upeo wa jicho lililo mita kumi juu ya maji ni kilomita 11, na boti lile lilikuwa halijafika hata kilomita saba. Kilichotokea ni kwamba lilikuwa limekuwa dogo kuliko uwezo wa macho yangu, na udogo ni jambo moja, kuzama ni jambo jingine. Kilichopotea kwa udogo darubini hukirudisha; kilichozama nyuma ya maji hairudishi hata ikiwa kubwa namna gani. Nilikuwa nimefundisha hoja hiyo kwa miaka kumi na tisa bila kujua kwamba ina milango miwili, na kwamba wale wanaotengeneza video za dunia tambarare wanaingilia mlango huo wa udogo kila mara, wanakuonyesha chombo kinachorudi kwa kuvutwa na kamera, kisha wanaufunga mwingine. Miezi kadhaa baadaye tuliketi mchangani kabisa, macho yakiwa chini ya mita mbili, tukafuatilia kwa darubini boti kubwa la mizigo lililokuwa likienda mbali zaidi, na tuliona ubavu wake ukiliwa na maji huku turubai la juu ya mizigo likibaki. Lakini ushindi huo haukumgusa mtu yeyote. Kreti la soda lilikuwa limekwisha nyweka.

Baadaye nilisoma habari za Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyefikia nadharia ya uteuzi wa asili wakati mmoja na Darwin, nikajiona mwenyewe ndani yake. Mwaka 1870 mtu mmoja aliyeitwa John Hampden aliweka dau la pauni 500 kwa yeyote atakayemwonyesha mpindo kwenye uso wa maji. Wallace, aliyewahi kufanya kazi ya upimaji ardhi, alilipokea dau hilo. Kwenye mfereji ulionyooka wa Old Bedford, mashariki mwa Uingereza, aliweka alama zenye kimo kimoja juu ya maji katika umbali wa maili sita, akatazama kwa darubini, na alama ya katikati ikaonekana imeinuka kuliko ya mwisho, kama ilivyotakiwa na duara. Mwakilishi wa Hampden alitazama kupitia darubini hiyohiyo, akasema kwamba alichokiona kinathibitisha dunia ni tambarare. Wallace alipewa fedha, lakini baadaye mahakama ilitaka zirudishwe kwa kuwa dau halina nguvu ya sheria, na Hampden alimwandama kwa barua za matusi kwa miaka mingi hata akafungwa kwa kumkashifu. Kilichonikaa moyoni katika kisa hicho ni watu wawili waliotazama tundu moja la darubini na kila mmoja akatoka na ushindi wake. Hawakuwa wameandika mapema picha gani itakuwa na maana gani.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Nilimwendea fundi, safari hii peke yake, akiwa kazini, nikamwambia kwamba sitaki kubishana tena, nataka tuandike. Kila jambo tutakalokwenda kuliangalia, tutaandika kwanza, kabla ya kuliangalia, yeye anatarajia kuona nini kama dunia ni sinia, na mimi natarajia kuona nini kama ni mviringo. Na kama tutajikuta tumeandika jibu moja, basi jambo hilo halitufai, tuliache. Aliniangalia kwa muda, akauliza daftari litakaa kwa nani. Nikamwambia litakaa kwake. Akakubali.

Jambo la kwanza lililoanguka kwa kanuni hiyo lilikuwa hoja niliyokuwa nikiipenda kuliko zote. Kila anayefunga Ramadhani huku kwetu anajua kwamba adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, Kigoma tunaendelea kusubiri zaidi ya nusu saa, ingawa saa za ukutani zinasoma mamoja, kwa sababu Dar es Salaam iko karibu nyuzi kumi mashariki yetu, na jua huchukua dakika nne kwa kila uzi mmoja. Nilidhani hapo nimemaliza kazi. Fundi aliandika: "Jua linapita kwao kwanza, linakuja kwetu." Nami niliposoma nikaona kwamba hata taa inayozunguka juu ya sinia ingepita kwao kwanza. Tulikuwa tumeandika jibu moja. Nilikata mstari kwa wino, na nakiri kwamba mkono ulikuwa mzito.

Taa za wavuvi wa dagaa zilitupeleka mbali zaidi. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, mitumbwi hutandazwa ziwani na taa zake, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, na ziwa likaonekana kama mji. Nilikaa ufukoni, jicho likiwa mita moja na nusu juu ya maji, fundi akapanda kilimani kwenye mita mia hivi, tukazungumza kwa simu. Kwa hesabu yangu, taa iliyoning'inizwa kimo cha mita moja na nusu ingenipotea ikiwa mbali kilomita tisa hivi, naye angeiona hadi kilomita 40. Niliandika kwamba ataona taa ambazo mimi sizioni. Yeye akaandika kwamba tutaona zilezile, ila zake zitakuwa zimepangika vizuri zaidi. Mimi nilihesabu taa kumi na nne. Yeye alipita hamsini akaacha kuhesabu. Hata hivyo aliposhuka alisema, "Mawimbi, Mwalimu. Wewe uko chini, wimbi linakuziba." Nilitaka kukasirika, lakini ilikuwa hoja nzuri, kwa maana upepo wa kusi ulikuwa ukivuma na maji hayakuwa yametulia. Tulirudia usiku mwingine ziwa likiwa kimya kama mafuta, tofauti ikabaki kubwa vilevile, naye akaandika kwa herufi zake kubwa, "Mawimbi hayatoshi." Hakuandika zaidi ya hapo.

Hapa niseme neno kuhusu hewa, kwa sababu ilituangusha mara nyingi kuliko ubishi. Kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi huifuta Kongo kabisa kuanzia Juni, na mtu anaweza kukaa miezi mitatu asiione ng'ambo. Alfajiri, hewa ikiwa baridi kuliko maji, huzuka mazigazi juu ya ziwa, na boti la mbali huonekana limekatwa chini na kuelea hewani. Nyakati nyingine hewa ya joto hukaa juu ya maji yaliyo baridi kuliko yenyewe, mwanga ukapinda zaidi ya kawaida, na kitu kilichotakiwa kujificha kikainuliwa kikaonekana. Picha moja iliyopigwa siku kama hiyo inaweza kumtetea yeyote. Ndiyo maana nimeacha kuamini picha moja, iwe ya wapinzani wangu au yangu.

Jua halina taabu hiyo likiwa juu, na kwa bahati Kigoma, iliyo karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Oktoba 2024 tulisimamisha kijiti cha mita moja kwenye uwanja wa shule, fundi akakinyoosha kwa timazi yake, na wanafunzi wakakaa kukizunguka. Kivuli kiliisha kabisa saa saba kasoro dakika kumi. Hapo ndipo adhuhuri ya kweli ya Kigoma ilipokuwa siku hiyo. Swali letu lilikuwa kivuli kitakuwa na urefu gani saa tatu baadaye. Kama jua liko mbali mno nasi ndio tunaozunguka, kwa saa tatu litakuwa limeshuka nyuzi 45, na kivuli kitalingana na kijiti, mita moja. Kama ni taa iliyo kilomita 4,800 juu ya sinia, nilimchorea kijana wa bodaboda pembetatu zake kwa kutumia vipimo vya video yake mwenyewe, na kivuli kilitakiwa kuzidi mita moja na nusu. Aliikagua hesabu, akaandika jina lake chini yake. Saa kumi kasoro dakika kumi kivuli kilikuwa mita moja na sentimita moja.

Kijana alisema basi jua liko juu zaidi ya kilomita 4,800. Sikumlaumu, hata wanajimu wa zamani waliongeza duara juu ya duara ili nadharia zao zikae. Tulimwacha alipandishe. Ili kivuli cha saa ile kikae sawa ilibidi alifikishe kilomita 8,000 hivi, na alipofika hapo wanafunzi wenyewe waliona tatizo, kwa sababu taa ya kimo kile, wakati wa magharibi yetu, ingekuwa bado nyuzi 28 angani, karibu ngumi tatu za mkono ulionyooshwa juu ya milima ya Kongo. Hata ile ya kilomita 4,800 ingekuwa nyuzi 18. Ukirekebisha mchana, unaharibu jioni. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliongeza kwamba taa inayokwenda mbali ingepungua ukubwa pia, na bila kuniuliza wenzake walifunika kioo cha kujitazamia kwa karatasi yenye tundu, wakairusha sura ya jua kwenye ukuta wa chumba chenye giza, mita sita kutoka kwenye kioo. Saa nane ilikuwa na upana wa sentimita tano na nusu hivi. Jioni, jua likikaribia milima, ilikuwa vilevile, wakati kwa hesabu ya sinia ilipaswa kupungua hadi karibu nusu. Sijawahi kuwa na kipindi cha jiografia kama kile, na hakikuwa kwenye ratiba.

Kijana aliacha kuja baada ya siku ile. Ninaamini nilichangia, maana wanafunzi walimzomea nami sikuwanyamazisha haraka. Nilikutana naye tena usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Mwezi ulitoka mashariki ukiwa mzima, na kuanzia saa moja na dakika 27 ukaanza kuliwa; saa mbili na nusu ukawa mwekundu wote, na ukabaki hivyo mpaka karibu saa nne kasoro dakika saba. Alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake pamoja na abiria, nikamsogelea, nikamwuliza kivuli kile anadhani ni cha nini. Alisema kwamba kuna kitu cheusi angani ambacho hakionekani siku nyingine. Nilikuwa na majibu: kwamba ukingo wa kivuli ulikuwa wa mviringo mwezi ukiwa chini na ukawa wa mviringo ulipokuwa umepanda, jambo lisilowezekana kwa sinia, ambalo likiangaziwa ubavuni hutoa kivuli chembamba kama ufito; na kwamba jua lisiloshuka chini ya sinia haliwezi kamwe kuiweka dunia kati yake na mwezi. Sikuyasema. Nilimwomba radhi kwa ile zomeazomea, tukatazama mwezi mpaka abiria wake akachoka.

Kilichobaki ni mpira wa maji. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba hoja ya kwanza ya fundi, ile iliyonishinda, ilikuwa na chombo chake ndani yake. Katika karne ya 11 mwanazuoni wa Kiislamu al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka chini ya mstari wa usawa, na kwa pembe hiyo ndogo pamoja na kimo cha mlima akakadiria ukubwa wa dunia. Nilipolisimulia hilo kijiweni, mzee mmoja anayefundisha madrasa Ujiji, ambaye hakuwahi kuchangia ubishi wetu, alitaka nirudie jina, kisha akamwambia fundi, "Hapo sasa nenda naye."

Mvua za kwanza za Novemba 2025 zilipokwisha kusafisha hewa, tulipanda kilima kilekile cha mita mia. Fundi alisimamisha miti miwili, mita tatu kati yake, akafunga ncha za mpira kwenye miti hiyo na kutia maji yenye rangi. Alitumia karibu nusu saa kuutoa mpira viputo vya hewa, akiupigapiga kwa vidole kutoka chini kwenda juu, kwa sababu, alivyonieleza, kiputo kimoja kinaweza kudanganya nyumba nzima. Halafu tukaandika. Mtu akiweka jicho kwenye uso wa maji ya ncha ya karibu na kutazama kusini, kuegemea magharibi kidogo, ambako ziwa liko wazi kwa zaidi ya kilomita mia moja, mstari wa upeo utaukata mti wa mbele wapi? Kwangu, sentimita moja na nusu hivi chini ya maji ya ncha ile. Kwa sinia, hata tukikubali kwamba maji yanaishia ufukoni Kongo, milimita tatu. Fundi alikubali hizo tatu, akaongeza "au pungufu".

Mimi nilipata milimita 14, kisha 17. Yeye alitazama muda mrefu, akaweka alama kwa penseli yake ya mbao, akapima: 16. Hakusema kitu. Alirudi kukagua viputo, akakuta hakuna, akabadilisha ncha za mpira, ya huku akaipeleka kule, kama anavyofanya akiwa na wasiwasi na msingi, akapima tena. Kumi na sita.

"Upeo uko chini ya maji yangu," alisema hatimaye. Nilingoja aendelee mpaka kwenye neno nililokuwa nikilitaka tangu mwaka 2023, lakini hakuendelea, nami nilikuwa nimejifunza kutomsukuma. Alikaa juu ya jiwe akiviringisha mpira, kisha akaniuliza, "Tukipanda mara nne ya hapa, kule kwenye milima ya kuelekea Gombe, hili pengo litakuwa kiasi gani?"

Nilimwambia aandike yeye kwanza. Aliwaza, akaandika sentimita sita na nusu, kwa sababu ukipanda mara nne, pengo nalo litakuwa mara nne. Mimi niliandika sentimita tatu na kidogo, kwa sababu kwenye mviringo pengo hukua kwa kipeuo cha kimo, na kipeuo cha nne ni mbili. Ni mara ya kwanza yeye mwenyewe kuchagua mahali ambapo njia zetu zinaachana, tena kwa upana wa zaidi ya sentimita tatu, kipimo ambacho kwa mwashi si kidogo hata chembe. Jumatatu yake alikuwa na msingi wa nyumba Gungu, kisha zikaja mvua kubwa na njia ya juu ikateleza. Daftari liko kwake, ukurasa uko wazi, na namba zote mbili zimeandikwa kwa penseli yake.